Mwanamke Aliyeolewa na Kazi ya Nje ya Nyumba: Mfano wa Wachuuzi wa Samaki wa Kisumu na Ufuo wa Ziwa Victoria

Ikisiri

Mjadala kuhusu mwanamke aliyeolewa na kazi ya nje ya nyumba huanzishwa mara nyingi kwa swali moja: je, inafaa mke afanye kazi nje? Makala hii inashikilia kuwa, katika ufuo wa Kenya wa Ziwa Victoria, swali hilo limekwisha kujibiwa na historia, kwa kuwa wake wa eneo hilo wamefanya kazi nje ya nyumba kwa zaidi ya karne moja. Swali lenye uzito ni la masharti ya kazi hiyo: nani anamiliki chombo, nani anapanga bei, nani anashika mapato na nani anaweza kuthibitisha jasho lake siku ndoa inapovunjika. Makala inapitia usuli wa kihistoria, biashara ya samaki, majina ambayo Kiswahili kimewapa wanawake hawa na hatua za sheria nchini Kenya. Inahitimisha kuwa kazi ya mke huyu haijakosa thamani, bali imekosa umiliki, jina na kumbukumbu.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Methali hii ilizaliwa na watu wa bahari, lakini maana yake inaeleweka vyema pia katika fuo za Dunga, Usenge na Luanda K'Otieno, ambako kila alfajiri wanawake husimama ukingoni mwa maji wakiwa na mabeseni na ndoo wakisubiri mitumbwi irejee. Wengi wao ni wake za watu. Wameacha watoto wamelala au wamewaachia wasichana wakubwa kazi ya kuchemsha uji. Mapato yao ndiyo hununua unga, sabuni, vitabu na sare za shule. Hata hivyo, si ajabu katika eneo hilo hilo kusikia ikisemwa kuwa fulani hana kazi, yuko nyumbani, huuza samaki tu. Neno hilo dogo, *tu*, ndilo linalostahili kuchunguzwa.

Katika makala hii, kazi ya nje ya nyumba ina maana ya shughuli yoyote ambayo zao lake hubadilishwa kwa pesa na watu wasio wa kaya ya mhusika, iwe inafanyika ofisini, sokoni au ufuoni. Mwanamke aliyeolewa naye ni yule aliye katika ndoa ya kidini, ya kiserikali au ya kimila. Fasili hizi ni muhimu kwa sababu mijadala mingi humfikiria mke mwenye mshahara pekee na kumsahau yule anayeamka usiku wa manane kwenda ziwani.

Fasihi ya Kiswahili imelishughulikia suala hili kwa muda mrefu. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa Pate mwaka 1858, ni wosia wa mama kwa bintiye, na sehemu yake kubwa inahusu wajibu wa mke kwa mumewe. Katika riwaya ya *Utengano* (1980), Said Ahmed Mohamed anamchora Maksuudi anayemfungia mkewe ndani ya nyumba. Katika tamthilia ya *Kilio cha Haki* (1981), Alamin Mazrui anamchora Lanina, mwanamke anayewaongoza wafanyakazi wa shamba la mlowezi. Kazi hizi zinampa msomaji nguzo mbili: mke wa ndani na mwanamke wa nje anayepambana. Mke wa ufuoni hafai kuwekwa kwenye nguzo yoyote kati ya hizo. Hajafungiwa ndani, wala hakutoka kwa uasi. Ametoka kwa sababu nyumba yenyewe inamtuma.

2.0 Usuli wa kihistoria

Kabla ya ukoloni, maisha ya Waluo wa kandokando ya ziwa yalitegemea kilimo, mifugo na uvuvi. Mke alikuwa na shamba lake, ghala lake na jiko lake. Katika ndoa ya mitala, kila mke aliwajibika kwa chakula cha watoto wake. Wanawake walifinyanga vyungu, wakalima nafaka na kukausha samaki, na ziada ilibadilishwa na jirani au na watu wa nyanda za juu. Mila ilimzuia mwanamke kwenda ziwani kuvua kwa mtumbwi, lakini haikumzuia kuwashughulikia samaki baada ya kufika nchi kavu. Mgawanyo huo wa majini na nchi kavu haukuwa na madhara makubwa wakati ambapo samaki alikuwa kitoweo zaidi kuliko bidhaa. Madhara yalijitokeza samaki alipogeuka kuwa pesa.

Mambo matatu yaliharakisha mageuzi hayo. Kwanza, reli kutoka Mombasa ilifika ziwani mwezi wa Desemba mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Samaki na nafaka za ziwani zikapata njia ya kufikia masoko ya mbali. Pili, mnamo mwaka 1905 nyavu za makila zilizoagizwa kutoka ng'ambo zilianza kutumika ziwani. Tofauti na mitego ya kienyeji iliyofumwa kwa matete na mafunjo, nyavu hizi zilinunuliwa kwa pesa. Tatu, kodi ya nyumba iliwalazimu wanaume kutafuta ajira katika reli, bandari, mashamba ya walowezi na majumba ya chai ya Kericho.

Jambo la tatu linaeleza la pili. Pesa taslimu iliingia kwanza mikononi mwa wanaume wenye mshahara. Kwa hiyo wao ndio walionunua nyavu na kuunda mitumbwi mikubwa. Wanawake waliobaki nyumbani waliachiwa mzigo wote wa kilimo. Utafiti wa mwanahistoria Margaret Jean Hay kuhusu wanawake Waluo katika enzi ya ukoloni, uliochapishwa mwaka 1976, ulionyesha kuwa wanawake hao hawakukaa kusubiri. Walijaribu mazao na zana mpya, na hatimaye wengi waligeukia biashara. Ni dhahiri basi kuwa mke mchuuzi si zao la shule wala la uigaji wa Wazungu, kama inavyodaiwa mara kwa mara. Ni zao la kodi na la mume aliyekwenda kutafuta mshahara mbali.

Mwendo huo wa wanawake haukupokelewa kwa furaha na wote. Katika miaka ya 1940 na 1950, chama cha Luo Union kiliwarudisha mashambani kwa nguvu baadhi ya wanawake waliokutwa mijini bila waume wala wazazi, kwa hoja ya kulinda heshima ya jamii. Mwanamke aliyeonekana peke yake katika stesheni au sokoni alishukiwa kwanza na kuulizwa shughuli yake baadaye. Shuku hiyo haijatoweka kabisa. Bado huwafuata wachuuzi wanaosafiri usiku na mizigo ya samaki.

3.0 Wake wenye mshahara: Grace Ogot na Grace Onyango

Sambamba na wachuuzi, kulikuwa na kundi dogo la wake waliosoma na kuajiriwa. Wawili kati yao wanatosha kuwa mfano.

Grace Ogot alizaliwa Asembo mwaka 1930. Alisomea uuguzi Mengo nchini Uganda, kisha akaendelea na masomo Uingereza, ambako pia alifanya kazi na idhaa ya BBC. Aliporejea alihudumu katika Hospitali ya Maseno, karibu na Kisumu. Aliolewa na mwanahistoria Bethwell Ogot mwaka 1959, na ndoa haikusimamisha kazi yake. Riwaya yake *The Promised Land* ilitoka mwaka 1966, ikifuatwa na hadithi fupi na maandishi kwa lugha ya Dholuo. Katika miaka ya 1980 aliiwakilisha Gem Bungeni na kuwa waziri msaidizi. Alifariki mwaka 2015.

Grace Onyango, aliyezaliwa mwaka 1924, alikuwa mwalimu kabla ya kuingia katika siasa za baraza la mji. Mwaka 1965 alikuwa meya wa Kisumu, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa umeya nchini Kenya. Mwaka 1969 wapiga kura wa Kisumu Mjini walimpeleka Bungeni, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Kenya. Naye alikuwa mke na mama. Alifariki mwaka 2023.

Umuhimu wa mifano hii hauko katika sifa za watu binafsi pekee. Wote wawili walifanya kazi zenye jina, ofisi, mkataba na hati ya mshahara. Jamii ilijua kuwaita: muuguzi, mwandishi, mwalimu, meya, mbunge. Jambo hilo liliwapa heshima ambayo mchuuzi wa Kibuye hakuipata, ingawa yeye pia aliamka mapema na kulisha watoto kwa jasho lake. Hata hivyo, mshahara nao ulikuwa na mipaka yake. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1973 iliyahesabu mapato ya mke anayeishi na mumewe kuwa mapato ya mume. Ruhusa ya mke kuwasilisha hesabu zake mwenyewe ilikuja baadaye. Kwa maneno mengine, hata mke mwenye ofisi aliweza kufanya kazi bila kuhesabiwa kuwa mwenye mapato.

4.0 Samaki alipogeuka pesa

Sangara, anayeitwa mbuta kwa Dholuo, aliingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea ziwa zima. Samaki wadogo wa asili wanaoitwa fulu walipungua kwa kiasi kikubwa, na viwanda vya kukata minofu vikajengwa Kisumu na miji mingine ya ziwani ili kuuza minofu hiyo Ulaya na kwingineko.

Mabadiliko haya yaligusa moja kwa moja kazi ya wake. Fulu na ngege walikuwa samaki wa beseni: mwanamke aliweza kuwanunua kwa mtaji mdogo, kuwakausha au kuwakaanga na kuwauza siku hiyo hiyo. Sangara wa kiwandani alihitaji barafu, lori, mizani na mtaji mkubwa. Mawakala wa viwanda walifika ufuoni na pesa, wakawakopesha wavuvi nyavu na mafuta, na kwa mikopo hiyo wakajihakikishia samaki kabla hawajavuliwa. Wanawake hawakufukuzwa kwa amri ya mtu. Walisogezwa pembeni na mizani na mkopo. Walichobakiwa nacho ni mambo mawili makuu: mgongo wazi na omena.

Mgongo wazi ni jina la Kiswahili walilopewa sangara waliokwisha kukatwa minofu, wakabaki kichwa, uti wa mgongo na nyama kidogo iliyoshikamana na mifupa. Minofu husafirishwa ng'ambo. Mgongo hubaki Kisumu. Katika mtaa wa Obunga, wanawake wamejipatia riziki kwa kununua migongo hiyo, kuikausha, kuikaanga kwa mafuta na kuiuza kwa watu wa kipato cha chini. Hata hapo hawakuachwa kwa amani, kwa kuwa wasagaji wa chakula cha mifugo nao walianza kuitafuta mifupa hiyo, na bei ikapanda.

Omena, ambaye Watanzania humwita dagaa, huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mitumbwi hurejea asubuhi, na mwanamke hununua kwa debe au beseni, huanika juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa ufuoni, hugeuza, huondoa takataka, kisha huuza kwa gorogoro au kwa gunia. Jua likiwaka, omena hukauka vizuri na kupata bei. Mvua ikinyesha kabla hajakauka, huoza au huishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya hasara. Hasara hiyo huwa ya mwanamke, kwa sababu mvuvi amekwisha kulipwa. Isitoshe, nchini Kenya uvuvi wa omena husimamishwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane. Lengo hilo ni jema, lakini karo ya muhula wa pili haisubiri Agosti.

Mpangilio huu unaonyesha kuwa mke mchuuzi hubeba hatari kubwa ya biashara huku akiwa na usemi mdogo zaidi juu yake. Hapangi wakati wa kuvua, hapangi bei ya ufuoni wala hamiliki chombo.

5.0 Jaboya na mtumbwi wa Nduru

Pale ambapo samaki ni wachache na wanunuzi ni wengi, mwenye mtumbwi huamua nani auziwe. Katika fuo nyingi za ziwa, uamuzi huo uliingiliwa na mtindo unaojulikana kwa Dholuo kama jaboya: mvuvi humpa mwanamke nafasi ya kwanza ya kununua samaki kwa sharti la kufanya naye mapenzi. Mwanamke hulipa pesa, na juu ya pesa hulipa mwili. Ni kosa kuuita mtindo huu tabia mbaya ya wanawake wa ufuoni, kama inavyosemwa majukwaani. Ni bei ya ziada inayotozwa na mwenye chombo kwa asiye nacho.

Madhara yake yanajulikana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikadiria maambukizi ya virusi vya UKIMWI miongoni mwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 64 kuwa asilimia 4.9 nchini kote. Katika kaunti za ziwani viwango vilikuwa juu zaidi: Homa Bay asilimia 19.6, Kisumu asilimia 17.5 na Siaya asilimia 15.3. Haitakuwa haki kuubebesha ufuo lawama yote, kwani sababu za maambukizi ni nyingi. Hata hivyo, takwimu hizi zinaonyesha uzito wa kinachoamuliwa pale mwanamke anapokosa njia nyingine ya kupata samaki.

Jibu moja lilitokea katika ufuo wa Nduru, Nyakach, mwaka 2011. Kikundi cha wanawake, wakisaidiwa na wafadhili, kilipata mitumbwi yao wenyewe na kuwaajiri wanaume kuvua. Walijulikana kwa jina la Kiingereza lenye maana ya "hakuna ngono kwa samaki". Mila ya kutoingia ziwani haikuhitaji kuvunjwa. Kilichobadilika ni kwamba aliyesubiri ufuoni sasa alikuwa ndiye mwenye chombo. Mvuvi alimletea mwajiri wake samaki, naye akalipwa ujira wake.

Mfano wa Nduru una funzo la pili ambalo halipaswi kufichwa. Mitumbwi ya mbao huzeeka na kuvuja, na matengenezo yanahitaji pesa kila mara. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda kupita kiasi, yakafunika makazi ya Nduru na kuwahamisha wanakijiji. Umiliki ulitatua tatizo la masharti, lakini haukuwa kinga dhidi ya umaskini wa mtaji wala dhidi ya mafuriko. Chombo kimoja cha msaada hakitoshi. Kinahitaji akiba na bima nyuma yake.

6.0 Majina ya kazi: Kiswahili kinamwitaje?

Hoja inayowahusu wanafunzi wa Kiswahili kwa karibu zaidi ni ya majina. Kiswahili huunda majina ya watenda kutokana na vitenzi: *kuvua* hutoa *mvuvi*, *kuchuuza* hutoa *mchuuzi*, *kujenga* hutoa *mjenzi*. Majina haya hutaja kitendo, na ndani yake mna ujuzi. Lakini mwanamke anayefanya biashara ndogo nchini Kenya haitwi hivyo. Huitwa mama mboga, mama samaki, mama fua. Anayekaanga samaki ufuoni huitwa mama karanga, na hapa *karanga* si njugu bali kitenzi *kukaranga*, umbo jingine la *kukaanga*. Tanzania nako yupo mama lishe.

Muundo wa *mama* pamoja na bidhaa au kitendo una sifa mbili. Kwa upande mmoja, unabeba heshima. Katika jamii zetu, kumwita mtu mama ni kumpa staha, na wanawake wengi hulipokea jina hilo kwa fahari. Kwa upande mwingine, unaihamisha kazi kutoka katika uwanja wa taaluma na kuiweka katika uwanja wa uzazi. Mama hulisha kwa sababu ni mama. Hatarajiwi kudai mshahara wala cheti. Kwa hiyo mama karanga huonekana kama mtu aliyelisogeza jiko lake hadi ufuoni, ilhali yeye hununua malighafi, huongeza thamani, hukadiria bei, hukopesha na kudai madeni. Mwanamume anayefanya shughuli hizo hizo huitwa mfanyabiashara.

Wapo watakaosema kuwa jina halibadilishi bei ya samaki. Pingamizi hilo lina ukweli wake, lakini majina huingia katika fomu, sensa, mikopo na mahakama. Mwanamke anayejaza fomu ya shule ya mtoto na kuandika "mama wa nyumbani" mahali pa kazi, huku karo ikilipwa kwa omena, ameifuta kazi yake kwa kalamu yake mwenyewe. Katika kampeni za uchaguzi wa mwaka 2022, mama mboga alikuwa jina lililotajwa kila jukwaa nchini Kenya. Kutajwa huko kulionyesha nguvu ya jina, na vilevile kuwa jina linaweza kusifiwa bila mwenye jina kupata mtaji.

Sarufi ya ndoa nayo inastahili kutajwa. Kwa Kiswahili mwanamume *huoa*, mwanamke *huolewa*. Yeye ni mtendwa. Mke huyu huyu afikapo sokoni, vitenzi vyake vyote huwa vya kutenda: hununua, huuza, hukopa, hulipa, husafiri. Mvutano kati ya sauti hizi mbili ndio mvutano halisi wa maisha yake.

7.0 Mapato, watoto na sheria

Wapinzani wa kazi ya nje ya mke hutoa hoja ya malezi, na hoja hiyo haistahili kubezwa. Mitumbwi hurejea saa ambazo watoto wanajiandaa kwenda shule. Mara nyingi anayejaza nafasi ya mama ni binti mkubwa, ambaye huchelewa darasani au huacha shule. Hivyo gharama ya kazi ya mama inaweza kulipwa na mtoto wa kike. Suluhisho, hata hivyo, si kumrudisha mama ndani, kwa sababu pesa zake ndizo zinazomweka mtoto shuleni. Suluhisho ni baba kushika zamu yake nyumbani na fuo kuwa na mahali pa kulelea watoto wadogo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu na baba wiki mbili, lakini inamfaa mwenye mwajiri. Mchuuzi hana wa kumwomba likizo.

Kuhusu kushika mapato, wanawake wamejitungia njia zao. Vikundi vya kuzungushiana pesa, viitwavyo nyoluoro kwa Dholuo na chama kwa Kiswahili cha Kenya, huweka akiba mbali na mahitaji ya papo kwa papo. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza mwezi wa Machi mwaka 2007, iliongeza faragha na usalama. Uchunguzi wa Tavneet Suri na William Jack, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria kuwa huduma hiyo iliwawezesha wanawake wapatao 185,000 nchini Kenya kuhama kutoka kilimo cha kujikimu na kuingia katika biashara kama kazi yao kuu.

Suala gumu zaidi ni mali ya ndoa. Kwa muda mrefu mahakama za Kenya zilitumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa, msimamo uliothibitishwa katika kesi ya I dhidi ya I mwaka 1971. Mwaka 2007, katika kesi ya Echaria, Mahakama ya Rufani ilishikilia kuwa kazi za nyumbani pekee hazihesabiki kuwa mchango katika kununua mali. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 45, ilitangaza usawa wa wanandoa wakati wa kufunga ndoa, ndani ya ndoa na inapovunjika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 ikafuata na kutambua michango isiyo ya pesa: kazi za nyumbani, malezi, usimamizi wa biashara ya familia na kazi ya shambani. Mnamo Januari 2023, katika kesi ya JOO dhidi ya MBO, Mahakama ya Juu ilifafanua kuwa usawa huo hauna maana ya kugawa mali nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila upande sharti uonyeshe mchango wake.

Hapa ndipo nyuzi zote za makala hii zinapokutana. Mwalimu ataonyesha hati za mshahara. Mchuuzi wa omena ataonyesha nini? Mauzo yake hayana risiti, ndoa yake ya kimila huenda haijasajiliwa ingawa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitaka isajiliwe, na katika fomu zote ameandikwa mama wa nyumbani. Ametoa mabati ya nyumba na ng'ombe wa zizini kwa gorogoro moja moja, lakini kumbukumbu zote zinasema hakuwa na kazi. Neno *tu* lililotajwa mwanzoni mwa makala hii hugeuka kuwa hasara ya nyumba na shamba.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa mke wa ufuo wa Ziwa Victoria hakuanza kufanya kazi nje ya nyumba juzi, wala hafanyi hivyo kwa kuipuuza ndoa. Reli, nyavu za kununua na kodi viliunda uchumi ambao jasho lake lilihitajika lakini vyombo vilikuwa vya wengine. Sangara na viwanda viliongeza pengo hilo. Jaboya ndilo tunda lake chungu. Nduru imethibitisha kuwa chombo kikibadilisha mwenyewe, masharti pia hubadilika.

Mapendekezo matatu yanatokana na mjadala huu. Kwanza, vikundi vya akiba na vya usimamizi wa fuo viweke umiliki wa vyombo mbele ya mikopo midogo ya kununulia samaki. Pili, wachuuzi wahimizwe kutunza daftari la mauzo, kuhifadhi ujumbe wa malipo ya simu na kusajili ndoa zao. Tatu, wanafunzi na walimu wa Kiswahili, wanapotafsiri fomu, kuandaa kamusi na kufundisha msamiati wa kazi, wampe mwanamke huyu jina linalotaja atendalo: mchuuzi wa samaki, mkaangaji, mwanabiashara. Akipenda kuitwa mama, na aitwe kwa heshima. Lakini mbele ya karani na hakimu, aitwe kwa kazi yake.

Maswali ya mjadala

1. Linganisha majina ya kazi yanayoundwa kwa kiambishi cha mtenda na yale yanayoanza na neno *mama*. Je, yapo majina ya namna hiyo yanayoanza na *baba*? Toa sababu.

2. "Jaboya ni suala la uchumi kabla ya kuwa suala la maadili." Jadili kauli hii kwa kurejelea umiliki wa vyombo vya uvuvi.

3. Chagua kazi moja ya fasihi ya Kiswahili yenye mhusika mke anayefanya kazi nje ya nyumba. Ni nani anayeshika mapato yake, na mwandishi anachukua msimamo gani?